Biblia ya marejeo: inunue kwa ajili ya ile safu ya katikati

Nafundisha kikundi cha kujifunza Biblia, na swali tusiloliacha ni hili: Agano Jipya linapomwita Yesu "Bwana", lina maana ya yule BWANA wa manabii, au ni heshima tu? Biblia hii ya marejeo, yenye matini ya Union Version, nimeipima kwa swali hilo. Ramani na picha sikuzijali sana.

Kwanza chapa. Penye zile herufi nne za Kiebrania za jina la Mungu (YHWH) pameandikwa BWANA, na herufi kubwa zimekolea vizuri. Kuna matoleo ambayo wino umefifia hadi BWANA na Bwana vinafanana, na hapo msomaji wa Zaburi 110:1, "Neno la BWANA kwa Bwana wangu", anapotea kabla hajaanza. Kutoka 6:3 wameacha YEHOVA kama ilivyo.

Utamu wenyewe uko kwenye safu ya marejeo. Fungua Warumi 10:13, "Kila atakayeliitia Jina la Bwana ataokoka". Kiherufi kidogo kinakupeleka Yoeli 2:32, unakuta BWANA kwa herufi kubwa. Rudi Warumi, panda hadi mstari wa 9, na Bwana anayekiriwa pale ni Yesu. Waebrania 1:10 nayo inakurudisha Zaburi 102, sala ya mtu aliyeteswa akimlilia BWANA, na maneno yake sasa anaambiwa Mwana. Mwalimu hana haja ya kupaza sauti. Wanafunzi wanafunua kurasa na kuona wenyewe.

Lakini 1 Petro 3:15, "mtakaseni Kristo Bwana", haina rejeo la Isaya 8:13. Hilo ni pengo kubwa, maana Petro yuko mlemle ndani ya maneno ya Isaya. Nimeliandika pembeni kwa penseli.

Maelezo ya chini ya ukurasa ndiyo yaliyoniudhi. Tulipofika Wafilipi 2:10-11, ambapo Paulo anachukua Isaya 45:23, kila goti kupigwa mbele za Mungu asiye na mwenzake, na kuyaelekeza kwa Yesu, kijana mmoja akauliza: mbona basi mstari unaishia "kwa utukufu wa Mungu Baba"? Swali la maana kabisa. Paulo anampa Yesu heshima ya BWANA, na Baba hapungukiwi kitu. Ndipo penye uzito wote wa kifungu. Maelezo yanasema tu "Yesu ni Mungu" na kuhamia mstari mwingine. Nakubaliana nayo, ila hayakumjibu kijana.

Utangulizi ni afadhali mno. Unaeleza kwamba hati-kunjo ya Kiyunani ya manabii wadogo kutoka Nahal Hever, bonde la jangwa la Yudea, ina Jina kwa herufi za Kiebrania cha kale katikati ya Kiyunani, ilhali kodeksi (vitabu vya kale vilivyoandikwa kwa mkono) za karne ya 4, Sinaiticus na Vaticanus, zina Kyrios, yaani Bwana, kwa kifupisho. Unasema wazi pia kuwa hakuna nakala ya Kiyunani ya Agano Jipya iliyopatikana yenye zile herufi nne. Mabishano mengi darasani yangepoa watu wakisoma kurasa hizo kwanza.

Karatasi ni nyembamba, kalamu ya wino inapenya upande wa pili. Maandishi ya safu ni madogo. Mwenye macho mazito achukue toleo la herufi kubwa, mradi ahakikishe safu haikupunguzwa.