NFS kwa ofisi ndogo Dodoma: nyepesi, ila ruhusa zake ziangaliwe

Kwa ofisi ya Dodoma ambayo kompyuta zake zote ni za Linux, NFS (mfumo wa kushiriki folda za seva kupitia mtandao) ni chaguo bora kuliko Samba, mfumo mwingine wa kazi hiyo: nyepesi, na toleo la 4 hutumia poti (mlango wa mtandao) moja tu, TCP 2049. Udhaifu wake ni ruhusa. Kwa kawaida humtambua mtumiaji kwa namba, si jina. Mhasibu mwenye namba 1000 kwenye seva na 1001 kwenye kompyuta ya mezani kwake anaweza kunyimwa faili zake mwenyewe. Hakiki namba hizo kwa amri ya id pande zote mbili.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye /etc/exports, faili la seva linaloorodhesha folda zinazoshirikiwa na nani: nafasi tupu kati ya anwani ya kompyuta na (rw), yaani ruhusa ya kusoma na kuandika, hufungulia folda kompyuta yoyote inayoifikia seva! Iondoe, kisha endesha exportfs -ra ili mabadiliko yaanze kutumika.

Umeme ukirudi na seva ikachelewa kuwaka, maneno nofail na x-systemd.automount kwenye mstari wa folda hiyo katika /etc/fstab (orodha ya folda za kuunganishwa) ya kila kompyuta nyingine huizuia kukwama inapowaka.