Ukitaka kumsikiliza Shajarian, zima kuchanganya nyimbo: uzoefu wangu

Nimemsikiliza Mohammad-Reza Shajarian kwa muda wa kutosha sasa, kwenye programu ya muziki ninayoilipia kila mwezi na kwenye diski nilizoagiza, na nasema bila kusita: katika waimbaji wanaume sijasikia sauti inayomfikia. Ila huduma tunazotumia kusikilizia zinamwonea sana. Ndiyo maana naandika, ili anayetaka kuanza asije akakata tamaa siku ya kwanza.

Kwa asiyemjua: alikuwa mwimbaji wa muziki wa kale wa Kiajemi, aliyezaliwa mwaka 1940 Mashhad, kaskazini mashariki mwa Iran. Baba yake alikuwa msomaji wa Qur'ani, naye akaanza kusoma akiwa na umri wa miaka mitano. Baba hakuutaka muziki, basi kijana akajifunza kuimba kwa siri. Alipofika redio ya Tehran alitumia jina la bandia, Siavash Bidakani, kumstahi mzee wake. Sisi tuliopitia chuoni, tukaamshwa alfajiri kudurusu juzuu, hatuna haja ya kuelezwa hali hiyo. Na ile tajwidi haikumtoka maisha yake yote. Msikilize anavyotamka herufi za mwisho wa mshororo: hamezi hata moja.

Anza na Rabbana. Si wimbo, ni aya nne za Qur'ani zinazoanza kwa neno hilo, kutoka Al-Baqara, Aal Imran, Al-Kahf na Al-Mu'minun. Alizirekodi mwaka 1979, na kwa miaka mingi ndizo zilizorushwa na redio na televisheni ya Iran kila jioni ya Ramadhani kabla ya adhana ya magharibi. Hakuna ala hata moja. Ni dakika chache tu, wala huhitaji kujua Kiajemi. Sauti inaanza chini kiasi, inapanda, na ukidhani imefika inapanda tena, bila kukaza koo na bila kupiga kelele. Mimi huiweka wakati tende ziko mezani, na nyumba nzima hunyamaza yenyewe.

Baada ya hapo nenda moja kwa moja kwenye Bidad, albamu ya mwaka 1985 aliyoifanya na Parviz Meshkatian, fundi wa santur, ala ya nyuzi inayogongwa kwa vijiti. Hapa ndipo wengi hukwama, na hapa ndipo programu yangu ilipoharibu kila kitu. Nilipoifungua mara ya kwanza ilikuwa imewasha kuchanganya nyimbo yenyewe, kwa hiyo kipande cha mwisho kikatangulia, katikati kikaingia kipande cha albamu nyingine kabisa, na kabla sijaelewa kitu likaja tangazo la mkopo. Wakati huo nilikuwa bado sijaanza kulipia.

Muziki huu haukatwi hivyo. Muziki wa kale wa Kiajemi umepangwa katika dastgah saba, na kila dastgah ni mlolongo wa tuni ndogondogo ambazo mwanafunzi huzihifadhi kwa miaka mbele ya mwalimu. Shajarian alisoma kwa wazee kama Abdollah Davami na Nour-Ali Boroumand. Onyesho nalo lina utaratibu wake: ala zote hufungua kwa mwendo wa taratibu, kisha chombo kimoja huonyesha wepesi wa vidole, kisha huja avaz, yaani mwimbaji na chombo kimoja bila ngoma, halafu wimbo wenye mapigo, na mwisho kipande chepesi cha kuchezeka. Sauti hupanda ngazi kwa ngazi kutoka chini ya dastgah hadi kileleni, ndipo irudi nyumbani. Ukianzia kileleni hujui umepanda kutoka wapi. Wapenzi wa taarab asilia ya Unguja, waliozoea kukaa na bashraf nzima kabla ya mwimbaji kufungua kinywa, hawatapata taabu.

Avaz ndiyo moyo wake, na ndiyo inayomkimbiza msikilizaji mgeni kwa sababu haina mapigo ya kushika. Naomba uivumilie. Katika Bidad anaimba ghazali ya mshairi wa Kiajemi Hafez inayouliza marafiki wamepatwa na nini, mbona urafiki hauonekani tena kwa mtu yeyote. Anasema nusu ya mshororo, anaacha. Chombo kinarudia alichosema kwa lugha yake isiyo na maneno. Anamalizia nusu ya pili, na mwishoni pale silabi inapokwisha, sauti inaanza kukatikakatika kooni kwa kasi, juu chini, juu chini. Wenyewe huita tahrir na husema imetoka kwa ndege bulbuli. Kwake si pambo tu. Anaitumia pale ambapo maneno ya Hafez yamekwisha na huzuni bado ipo. Iran wakati huo ilikuwa vitani na Iraki, miaka sita tu baada ya mapinduzi, na watu wakaisikia ghazali ya karne ya 14 kama habari ya mtaa wao. Mimi naisikia hivyo pia, nikiwafikiria watu wangu.

Kuhusu diski: nilinunua Without You, ambayo kwa Kiajemi huitwa Bi To Be Sar Nemishavad, ya mwaka 2002, iliyoteuliwa kuwania Grammy. Muuzaji wa mitumba alinitumia bila kijitabu ingawa tangazo lake lilisema kipo, na hakujibu tena nilipomwandikia. Sauti yenyewe ni safi kabisa. Wako wanne tu: Shajarian, Hossein Alizadeh kwenye tar, ala ya nyuzi za kudonoa, Kayhan Kalhor kwenye kamancheh, fidla ya Kiajemi, na Homayoun, mtoto wa Shajarian, anayepiga ngoma ya tombak na kuimba. Ghazali ya mshairi Rumi iliyoipa albamu jina inasema bila wote wengine maisha yanakwenda, bila wewe hayaendi. Tumia spika za masikioni, hata za bei ya chini. Kwenye spika ya simu kamancheh inageuka mluzi, na yale mapumziko ya Shajarian kati ya mishororo, ambayo ni sehemu ya uimbaji wake, yanapotea kabisa.

Hao hao wanne ndio walioimba katika onyesho la Tehran la kuwachangia watu wa Bam, mji wa Iran ulioangushwa na tetemeko la Desemba 2003 lililoua zaidi ya watu 26,000. Video yake ipo, itafute. Utawaona wameketi chini, baba na mwana karibu, na kijana akishika mshororo baba anamwachia nafasi wala hamfuniki.

Urithi wake hauko kwenye rekodi tu, maana alilipia msimamo wake. Mwaka 2009, baada ya uchaguzi uliozusha maandamano, Rais Ahmadinejad aliwaita waandamanaji vumbi na takataka. Shajarian akasema sauti yake ni sauti ya hao hao vumbi na takataka, akaitaka televisheni ya taifa iache kutumia nyimbo zake. Maonyesho yake nchini yakafungwa, na Rabbana ikaondolewa hewani. Hebu fikiria dua ya kufuturu inayokatazwa kwa sababu ya aliyeisoma! Alifariki Tehran tarehe 8 Oktoba 2020 baada ya kuugua saratani kwa miaka mingi, na watu wakajaa nje ya hospitali wakiimba Morgh-e Sahar, wimbo aliozoea kufungia maonyesho yake. Amezikwa Tus, karibu na Mashhad, jirani na mshairi Ferdowsi.

Nampa nyota tano, na ningekuwa na ya sita ningeiongeza kwa Bidad. Programu ya muziki naipa mbili: jina lake limeandikwa kwa tahajia tofauti tofauti, albamu moja imerudiwa kwa majina mengine, na kati ya kipande na kipande kuna ukimya wa ghafla ambao kwenye diski haupo. Kabla ya kubonyeza cheza, zima kuchanganya nyimbo, na kama programu yako ina sehemu ya kuunganisha vipande bila pengo, iwashe. Chagua albamu nzima, usichague orodha za "nyimbo bora", kwa sababu nyingi nilizokutana nazo zinaweka nyimbo zenye mapigo na kuitupa avaz. Ukimaliza Bidad na bado una hamu, mtafute Homayoun peke yake. Anaimba mambo mapya mengi ambayo baba hakuyagusa, na mimi ndiko niliko sasa.