Vifundo vya misuli kiunoni: chupa ya maji ya moto au mpira wa tenisi?

Misuli ya kiuno ikikaza hadi ukibonyeza unahisi kifundo kinachouma, vyote viwili vinafaa, ila kazi zao ni tofauti.

Joto hulegeza eneo zima. Funga chupa kwa taulo, iweke dakika 15 hadi 20. Usisinzie nayo, ngozi huungua polepole bila wewe kujua. Nafuu huja upesi, lakini kifundo chenyewe mara nyingi hubaki.

Mpira hukifikia. Simama ukiegemea ukuta, uweke pembeni mwa uti wa mgongo, kamwe si juu ya mfupa wala karibu na mbavu za mwisho zilipo figo. Kunja magoti kidogo, egemea sekunde 30 hadi 60 huku ukipumua taratibu. Wengi huanza kwa kuulalia sakafuni: uzito unazidi, misuli inajihami na kukaza zaidi.

Tungechagua mpira, ukitanguliwa na joto. Ili vifundo visirudi, inuka kitini kila nusu saa utembee kidogo. Ukipata ganzi sehemu za siri, mguu ukilegea au ukishindwa kuzuia mkojo, wahi hospitali siku hiyohiyo.