Spana ya toki ya bei nafuu: niliipima kwa dumu la maji kabla ya kuiamini

Spana ya toki hukaza nati kwa nguvu ya kuzungusha (toki) iliyopimwa. Niliyoinunua ni ile ya mlio, inayolia ikifikia kiasi ulichokiweka, yenye kichwa cha mraba cha nusu inchi na kipimo kinachoanzia nyutoni mita (kizio cha toki) 40 hadi 210, na kwa bei ilikuwa miongoni mwa za chini kabisa za aina yake. Nimeitumia kwa miezi minane katika matengenezo ya gari la nyumbani, na swali langu tangu siku ya kwanza lilikuwa moja: inapolia, je, nati imefikia kweli kiasi nilichokiweka?

Ndani ya kasha mlikuwa na karatasi ya upimaji yenye namba ileile iliyochongwa kwenye mpini. Mnunuzi na alikague hilo kwanza, kwa kuwa karatasi isiyotaja namba ya chombo haithibitishi chochote kuhusu chombo hicho. Ilionyesha vipimo vitatu, 42, 126 na 210, yaani asilimia 20, 60 na 100 ya upeo wa spana, na ilidai kwamba kosa halizidi asilimia 4, kiasi ambacho kiwango cha kimataifa cha ISO 6789 kinaruhusu kwa spana za ukubwa huu. Karatasi huchapwa kwa urahisi, kwa hiyo niliamua kujipimia.

Nilikibana kichwa cha mraba kwenye jiliwa, mpini ukalala sawasawa na sakafu, kisha nikaning'iniza dumu la maji katikati ya mshikio, sentimita 42 kutoka katikati ya kichwa. Mahali pa kuning'iniza si jambo dogo, kwa sababu spana ya mlio hupimwa kiwandani kwa kuvutwa pale panaposhikwa na mkono, na ukiivuta penginepo inaweza kulia mapema au kuchelewa. Dumu lenye kilo 21 kwa mizani hutoa nyutoni mita 86 na nusu katika umbali huo. Ukiongeza karibu 3 zinazotokana na uzito wa spana yenyewe, ambao wengi huusahau, unapata takriban 89. Kwa kilo 10 jumla ni karibu 44.

Jaribio la kwanza lilinikasirisha. Niliiweka spana kwenye 40, nikaning'iniza kilo 10, ikanyamaza. Ililia nilipoongeza lita nzima ya maji, yaani kwenye 48 hivi. Kosa la asilimia 20! Nilikuwa tayari kuirudisha dukani, hadi niliposoma kijikaratasi cha maelezo, ambacho nakiri nilikuwa nimekitupa pembeni, na kukuta kwamba spana iliyokaa bila kazi inapaswa kulizwa mara tano kwenye kipimo cha juu kabla ya kutumika, ili grisi isambae na springi ikae mahali pake. Nilifanya hivyo, nikarudia. Safari hii mzigo wa 44 uliiliza hadi nilipopandisha kipimo kupita 42, na mzigo wa 89 uliiliza hadi 91. Nilirudia mara kumi kwa kila mzigo na majibu hayakupishana kwa zaidi ya nyutoni mita moja, jambo lililonitia moyo kuliko namba zenyewe, maana spana inayokosea kwa namna ileile kila mara unaweza kuizoea, lakini inayobadilika badilika haina dawa.

Kwa hiyo katikati ya kipimo, ambako ndiko ziliko nati za magurudumu ya magari mengi madogo, naiamini. Chini kabisa imevuka kidogo ile asilimia 4, na sitaitumia huko. Hata hivyo asilimia mbili tatu za spana ni kitu kidogo ukilinganisha na oili kwenye hesi za bolti: takriban tisa ya kumi ya nguvu ya kukazia huishia kwenye msuguano, hivyo hesi ikilainishwa, mlio uleule huivuta bolti zaidi ya ilivyokusudiwa.

Lalamiko langu kubwa ni pete ya kufungia kipimo. Imelegea kiasi kwamba baada ya kukaza nati nne au tano mpini huwa umejizungusha kwa nyutoni mita 2, na hunilazimu kuutazama upya kila gurudumu. Namba zake zimechongwa, hazikupakwa rangi tu, lakini safu ya paundi za futi, kizio kingine cha toki, imekaa jirani mno na ya nyutoni mita. Anayeweka 80 kwenye safu isiyo yake atakaza nati hadi 108. Racheti yake huzunguka pande zote mbili, ila hupima upande wa kukaza pekee.

Plagi na bolti ya kumwagia oili, ambazo mara nyingi huhitaji kati ya 20 na 40, nimezinunulia spana ndogo ya mshale, ambayo mshale wake huonyesha toki kwenye namba badala ya kulia. Hiyo haina springi wala pete ya kulegea, na mshale ukihama sifuri unaurudisha kwa kuupinda kidogo, ingawa kuusoma ukiwa umelala chini ya gari ni shida tupu. Ile ya mlio naihifadhi ikiwa kwenye 40, si chini ya hapo, na kulegezea nati nina mpini mwingine.