Dola 10 kwa muziki wa kabini ya umeme: uzoefu wangu

Mimi ni mtu wa sono. Miaka 14 sasa nakodisha bafle, mikseri na mikro kwa harusi, matanga na mikutano ya maombi hapa Lubumbashi, na adui yangu mkubwa katika kazi hii ni mmoja: ule mvumo wa chini, mmmmm, unaotoka kwenye bafle wakati hakuna anayeongea. Nimenunua kebo mpya kwa sababu yake. Nimekesha nikikagua waya wa masi, ule unaoingia ardhini. Kuna siku nilikatwa nusu ya malipo kwa kuwa ulisikika katikati ya sala. Basi mwenzangu wa kazi aliponiambia kuna dada wa miaka 26, mtoto wa hapa hapa, aliyetunga kipande cha dakika 11 kwa ajili ya selo, ile fidla kubwa inayopigwa umekaa, na mvumo kama huo wa kabini ya umeme, kile kibanda cha transfoma cha mtaa, na kwamba watu wanalipa kwenda kuusikiliza, nilifunga duka mapema nikaenda.

Jina lake siliandiki. Bado anashughulikia mambo ya haki za mtunzi, na ameomba tusubiri. Nitaeleza nilichosikia na nilichonunua.

Ilikuwa Jumamosi jioni, kwenye nyumba ya mikutano ya parokia moja huko Katuba. Kuingia ni FC 5,000. Mlangoni anauza kle ya USB, yaani flashi, yenye kazi zote sita, dakika 52 kwa jumla, kwa dola 10. Kazi mbili ni za ala tupu, bila umeme. Nne zina ala pamoja na sauti zilizorekodiwa zinazotoka kwenye bafle. Wachezaji ni watano: fidla, fidla nzito (viola), selo, filimbi, na kijana mmoja anayepiga kisanji na gitaa kwa zamu. Viti vya plastiki, watu kama sitini, na kimya ambacho mimi katika kazi yangu sikipati hata kwenye matanga.

Kabla ya kuanza alisimama akaongea kidogo. Nilikuwa nimezoea kusikia kwamba muziki wa namna hii, wa sauti zilizorekodiwa, ulizaliwa Paris mwaka 1948, Mfaransa Pierre Schaeffer alipokata na kuunganisha sauti za treni redioni. Yeye alianzia Kairo. Mwaka 1944, alisema, kijana Mmisri aitwaye Halim El-Dabh aliazima mashine ya kurekodi kwa waya, akaenda kwenye ngoma ya zar, ile ya kutuliza pepo, akarudi na sauti za wanawake na kuzichuja mpaka ukabaki mwangwi. Miaka minne kabla ya Paris. Nilipofika nyumbani nilitafuta habari zake na nikakuta ni kweli. Nashangaa kwamba watu kama sisi, tunaoishi kwa bafle, hatujawahi kufundishwa jina hilo.

Kazi ya kwanza ni ya filimbi, fidla na kisanji, bila umeme wowote, na kwangu ni ya pili kwa uzuri. Kisanji mnakijua: vile vipande vya chuma, na vile vipete vidogo vinavyovaliwa juu yake ili kila noti itoke na mtetemo wake, zzz, kama nyuki ndani ya kopo. Mzungu akikishika mara ya kwanza hudhani kimeharibika. Madimba, zile marimba za vibuyu, pia ni hivyo: kwenye kila kibuyu kuna tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, na utando ndio unaonguruma. Wazee wetu hawakuitaka sauti iliyooshwa. Dada huyu amelielewa jambo hilo, akaiandikia fidla sehemu ambayo upinde unapita karibu kabisa na daraja linaloshikilia waya, mahali ambapo mwalimu wa fidla atakukataza, na hapo sauti inakwaruza na kuwa na zzz yake yenyewe. Dakika mbili hivi sikujua tena ni kipi chuma na ni kipi waya. Filimbi inakuja juu yao safi kama maji, inakaa kidogo, inaondoka.

Sasa kipande chenyewe cha kabini.

Mchezaji wa selo alikaa katikati. Bafle nne ndogo ziliwekwa chini, sakafuni, zikiangalia ukuta, siyo watu. Mimi nilikereka nilipoona hivyo, mkono ulikuwa unataka kwenda kuzigeuza. Halafu mvumo ukaanza, na ukawa unatoka kwenye kuta zenyewe, kama unapopita usiku karibu na kabini ya mtaa na hujui unausikia kwa masikio au kwa kifua. Alikuwa ameurekodi kwenye kabini iliyo nyuma ya nyumba ya wazazi wake, saa 11 jioni mpaka saa 1 usiku. Kiwango chake kilikuwa kama cha mtu anayeongea taratibu. Hapo nilimheshimu, sisi watu wa sono tumezoea kupandisha.

Selo ikaingia na noti moja, waya wa sol mtupu, bila kidole. Nisikilizeni hapa, maana ndipo kazi yote ilipo. Waya huo ukifungwa sawasawa hutetemeka mara 98 kwa sekunde. Transfoma ya umeme wetu wa hezi 50 huvuma mara 100, kwa sababu chuma chake husukumwa mara mbili katika kila mzunguko. Sauti mbili zinazokaribiana namna hiyo haziwezi kukaa pamoja kwa utulivu, zinapigana: uwo, uwo, uwo. Nilitoa simu nikahesabu. Mapigo 20 katika sekunde 10, yaani mawili kwa sekunde, sawasawa na tofauti kati ya 98 na 100. Hakuna anayepiga mapigo hayo. Upinde unavutwa moja kwa moja, bafle nayo inavuma moja kwa moja, na katikati ya nyumba kuna ngoma.

Kwenye dakika ya nne hivi mapigo yalianza kulegea. Nikahesabu tena, 14 katika sekunde 10. Selo haikuwa imebadilika. Kabini ndiyo iliyoshuka. Saa za jioni, watu wanapowasha majiko na taa, mashine za umeme huelemewa, mwendo wao hupungua kidogo, na mvumo hushuka pamoja nao. Ule udhaifu wa umeme ambao mimi nauona kwenye stabilizeta yangu kila siku, pale ulikuwa unasikika kama pumzi ya mtu aliyechoka.

Ndipo mchezaji akahama. Akauacha waya wa sol, akaenda kwenye waya mnene wa do, akaitafuta sol ile ile kwa kidole, na akaanza kuisogeza juu kidogo kidogo, upana wa ukucha. Uwo… uwo…… uwo………. Mapigo yakatanuka mpaka yakaisha. Selo na kabini zikawa sauti moja, nene, tulivu, na kiti changu cha plastiki kikatetemeka chini yangu. Mama mmoja mbele yangu aliweka kiganja kwenye ukuta. Ilidumu kama dakika nzima, halafu kabini ikapanda tena, na mapigo yakarudi.

Baadaye aliniambia jambo ambalo limenikaa kichwani. Umeme wa Inga, kule kwenye mabwawa ya mto Kongo, unatufikia kwa laini ya karibu kilomita 1,700 inayoishia Kolwezi, iliyozinduliwa mwaka 1982, na unasafiri humo kama mkondo mnyoofu, usio na mzunguko wa kuimba. Kolwezi ndiko unakogeuzwa kuwa mkondo geu. Kwa hiyo kabini zetu hazivumi sauti moja na za Kinshasa. Zinavuma na za Zambia, kwa kuwa mtandao wa Katanga umeunganishwa na wa kule, na mashine zote za mtandao mmoja huzunguka kwa mwendo mmoja. Mvumo wa Katuba ukishuka, wa Ndola unashuka wakati huo huo. Nina wajomba Ndola. Sikuwahi kufikiria kwamba usiku tunasikia noti moja.

Kipande cha tatu, cha fidla, fidla nzito na selo, ni kizuri na kifupi, sina mengi ya kusema juu yake. Cha nne ni cha gitaa na mwangwi wake: kila anachopiga kinarudi kwenye bafle baada ya sekunde saba, na yeye anakipigia jibu. Kijana anatumia dole gumba na kidole cha shahada tu, ile namna ya Katanga ambayo Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, aliikuta kwa mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco pale Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952 na kuirekodi. Dakika tano za mwanzo nilifurahi sana. Ni kama mzee na mjukuu wanapiga pamoja. Lakini kinaendelea dakika 14. Baada ya dakika ya tisa nilikuwa nimeshaelewa, na mwangwi umeshajaza kila nafasi. Mtunzi ana haki ya kukaa na wazo lake, ila hiki kingepunguzwa.

Cha tano ndicho kilichoniuma. Ni cha filimbi, kisanji na sauti za nyundo alizorekodi kwa wanaofua shaba kwenye karakana. Wazo ni la kwetu kabisa. Hapa mijusi, misalaba midogo na sahani za shaba tunazikuta sokoni na kila mtu ana moja ukutani. Lakini bafle kubwa mbili za inchi 15 zilielekezwa usoni kwa watu, na nyundo zikameza filimbi nzima. Nilimwona msichana wa filimbi anapuliza, mashavu yanafanya kazi, na sisikii kitu. Inasikitisha, kwa sababu kwenye kle ya USB, ambako vimepangwa vizuri, kipande hicho kinasikika na kina sehemu tamu sana ambapo nyundo zinaachiana zamu na kisanji. Cha sita, cha wote watano na mvua iliyorekodiwa kwenye bati, kilifunga jioni kwa upole.

Nilimsubiri nje. Nikamwambia, “Mama, pa kile kipande cha nyundo, bafle zako zilimeza filimbi.”

Hakukasirika. “Niliona, papa. Tulipima nyumba ikiwa tupu. Batu balipoingia, filimbi ikapotea.”

Ni kweli, miili na nguo hunywa sauti za juu kuliko za chini. Ni kosa ambalo kila mtu wa sono amelifanya. Nikamuuliza alifikiriaje kutunga juu ya kabini.

“Papa, ile mvumo miye sikuitunga. Ilikuwa pale tangu nazaliwa. Nilitafuta tu mutu wa kuiitikia.”

Kwa wanaotaka kununua, haya ndiyo niliyoyaona kwa wiki tatu za kuitumia ile kle. Mafaili ni ya WAV, biti 24, na yote yanafika karibu megabaiti 900. Redio ya gari yangu ilikataa kuyasoma. Simu ya mke wangu iliyasoma, lakini kupitia spika ya simu kipande cha kabini hakipo. Kabisa. Spika ndogo namna ile haiwezi kutoa sauti ya chini hivyo. Utasikia selo inakwaruza peke yake na utadhani umeibiwa. Tumieni hedifoni, au bafle yenye koni ya inchi 8 kwenda juu, na sauti msiipandishe. Mimi niliigeuza ikatazama ukuta, kama yeye, na ilisaidia. Pia hakuna karatasi yoyote ndani, hakuna majina ya wachezaji wala maelezo ya ala, na hilo si haki kwa vijana wale watano waliofanya kazi ile. Nimemwambia aweke hata ukurasa mmoja.

Kwa yote hayo natoa nyota nne kati ya tano. Dola 10 kwa nyumba nyingi hapa ni unga wa siku kadhaa, nalijua hilo, na bado ningezitoa tena kwa zile dakika 11. Ameniomba nimpangie bafle atakaporudia kazi hizi, na nimekubali bila kutaja bei. Zile za inchi 15 zitabaki dukani.

Jumamosi iliyopita nilikuwa na harusi Kampemba. Dakika kumi kabla bibi harusi hajaingia, bafle ya kushoto ilianza: mmmmm. Kijana wangu alikimbilia kebo. Nikamwambia asubiri kidogo. Nilifungua programu ya kufungia gitaa kwenye simu, nikaisogeza karibu na koni: sol, juu kidogo. Nikasimama pale mpaka iliposhuka. Kisha nikabana waya wa masi, kukawa kimya, na bibi harusi akaingia.