Fundi redio wa Mwanjelwa na kirekodi kisicho na spika

Nimesubiri wiki mbili kabla ya kuandika, maana fundi redio unaweza kumsifu leo, keshokutwa kitu kikafa tena. Wiki mbili zimeisha na Commodore 64, kompyuta ya zamani aliyoniachia marehemu mjomba, bado inasoma kaseti.

Kibanda kiko Mwanjelwa, Mbeya, kidogo kiasi kwamba mteja anasimama nje. Nilipeleka kirekodi peke yake, yaani kile chombo cha kaseti kinachochomekwa kwenye kompyuta. Kompyuta na televisheni sikuthubutu kuvipakia kwenye bajaji kutoka Uyole. Fundi akakigeuza, akakitikisa. "Mwalimu, hiki walishakinyofoa spika. Na kitufe cha sauti kiko wapi? Betri zinakaa wapi?" Nikamwambia kimezaliwa hivyo hivyo. Fundi wa kwanza niliyempelekea, mahali pengine, alikuwa ameshataka kukitia spika.

Siri yake ni hii: kompyuta hii ya 1982 ikisoma kaseti haina habari na muziki, inapima muda. Kila biti, yaani kila sifuri au moja ya kompyuta, ni mapigo mawili: fupi kisha la kati ni sifuri, la kati kisha fupi ni moja. Yale mafupi yanakwenda karibu 2,840 kwa sekunde, ya kati kama 1,950. Hedi, kile kichwa kinachosoma utepe, inatoa umeme mdogo mno, tena wimbi lake limeviringika. Sakiti ya ndani ya kirekodi inaukuza, kisha inalinyoosha wimbi liwe na kona: ama juu, ama chini. Kitufe cha sauti cha nini tena? Wenye Sinclair Spectrum, kompyuta nyingine ya enzi hizo, ndio waliohangaika, kwa kuwa wao walichomeka redio kaseti ya kawaida na kuzungusha sauti mpaka ikubali.

Nilimwandikia kwenye karatasi mpangilio wa pini za plagi, kwa sababu umeme wote unatoka kwenye kompyuta. Akaipa sakiti volti 5, mota volti 6 kutoka adapta nyingine. Hakukimbilia kubadili kapasita, na hapo ndipo aliponikosha. Belti ilikuwa imelegea. Akachakura kopo la redio zilizokufa akapata inayolingana. Hedi akaipangusa kwa spiriti. Kisha akagusisha waya kutoka kwenye sakiti hadi spika ya redio yake, akabonyeza kitufe cha kucheza. Ukasikika mluzi, umefifia kama wa mtu aliyejifunika blanketi. Akaingiza bisibisi nyembamba kwenye kitundu kilicho juu ya hedi, akazungusha robo tu, na mluzi ukachongoka. Hedi ilikuwa imekaa upande, ikimeza mapigo mafupi, na pigo moja likipotea hesabu yote imeharibika.

Nililipa 18,000 pamoja na belti. Aliniahidi Jumatano, nikachukua Jumamosi, na risiti hana. Simu hapokei akiwa analehemu, kwa hiyo nenda mwenyewe, asubuhi, kabla hajazungukwa na wenye sabufa.

Nyumbani niliweka kaseti, kioo kikawa kitupu kama kawaida yake ikiwa inasoma, mwanangu akasema, "Baba, imezima." Dakika kadhaa baadaye mchezo ukatokea.

Skrubu moja ya chini haikurudi. Nimepitia tena kibandani kuiulizia, akanipa tatu, hakuna hata moja inayoingia.