TAHADHARI: "Kontrola" ya bloa ya jiko la kuni inayouzwa mtandaoni ni themostati ya friji iliyobandikwa stika

Wafugaji wenzangu, hasa mnaolea vifaranga huku pembezoni mwa Dar: kuna ukurasa mtandaoni unauza "kontrola ya bloa ya jiko la kuni", yaani kifaa cha kuwasha na kuzima feni inayopuliza hewa ya jiko kufuatana na joto, kwa Sh 95,000. Wanadai inapima joto hadi nyuzi 400 na inabeba ampea 30. Msinunue. Mimi nimenunua, na nimezika vifaranga 61.

Jina la ukurasa silitaji kwa sababu umeshabadilisha jina mara mbili tangu Julai. Ukikariri jina litakuponza. Kariri dalili, nazitaja huko chini.

Banda langu lipo Chanika. Zamani nililea kwa balbu, LUKU ikanitoa jasho. Nikahamia jiko la mkaa, na kila asubuhi nikawa natoka bandani kichwa kinagonga kwa hewa yake. Mwaka huu nikatengenezewa jiko la kuni la pipa pale Gerezani: tumbo la moto katikati, koti la bati kulizunguka, bomba la moshi limetoka nje kabisa. Bloa inasukuma hewa kwenye nafasi iliyo kati ya tumbo na koti. Hewa inapashwa na chuma bila kukutana na moshi, kisha inaingia bandani ikiwa safi na ya moto. Bloa yenyewe ni ya hita ya gari, volti 12, ya mtumba kutoka Ilala, inakula betri inayochajiwa na sola. Umeme ukikatika saa nane usiku, mimi sina habari.

Shida ni kwamba bloa haina akili. Ukiiwasha jioni itapuliza tu. Moto ukifa alfajiri inaendelea kupuliza, na sasa inawapulizia watoto hewa ya nje. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka nyuzi 32 hadi 34 pale alipolala, na usiku wa Julai huku kwetu unashuka hadi 20 au chini yake kidogo. Kwa hiyo unahitaji kitu cha kupima joto la koti: likifika 55, bloa iwake, likishuka 40, izime. Zile nyuzi 15 za katikati ni za makusudi, vinginevyo bloa itakuwa inawaka na kuzima kila dakika mpaka swichi ife.

Nikiwa natafuta kitu hicho ndipo nikakutana na video yao. Jamaa anashika sensa (siyo ile ya watu na makazi, namaanisha kile kichwa cha kupimia joto) anaisogeza kwenye mshumaa. Namba zinapanda: 60, 75, 92. Kisha video inakata, na kipande kinachofuata kinaonyesha 380. Nilivyokuwa na haja, sikuona kwamba namba za kipande cha kwanza ni za bluu na za pili ni nyekundu. Ni vifaa viwili tofauti! Mama watoto ndiye aliyeliona hilo, wiki mbili baadaye, tumeshazika.

Nikamwandikia muuzaji. Alinijibu ndani ya dakika moja: "Boss hiyo ni ya kiwandani, funga hata kwenye tanuri la mikate." Duka lao eti lipo Kariakoo, ila siku ile "stoo inahesabiwa mali", kwa hiyo nilipie kwa simu, mzigo utaletwa na bodaboda. Risiti ya EFD ataituma kesho. Hiyo kesho haijafika hadi leo.

Kifaa kilipokuja kilikuwa chepesi kama boksi la kiberiti. Sensa yake ina kichwa cheusi cha plastiki, na waya mwembamba mweusi kama ule wa chaja. Hapo ndipo ningesimama. Nikajiambia wachina siku hizi wana plastiki za ajabu, nikaifunga kwenye koti la jiko, karibu na mlango wa kuni.

Siku mbili za mwanzo ilifanya kazi vizuri, kwa sababu moto ulikuwa wa kuni nyembamba. Usiku wa tatu baridi ilikaza, nikaweka magogo mawili ya mkorosho nikaenda kulala. Saa kumi alfajiri nikaamshwa na mlio wa bloa. Nikaenda na tochi. Ndani ya jiko kulikuwa na majivu tu, koti nililishika kwa kiganja wazi, baridi. Bloa inavuma kwa nguvu zake zote. Vifaranga wamelaliana kwenye kona ya mbali, ile rundo la manjano ambalo kila mfugaji analijua. Wa juu walikuwa wanalia. Wa chini walikuwa wamebanwa, bapa, baadhi bado wana joto. Walikuwa 250, wa siku sita.

Kulipokucha nikaifungua sensa. Waya umeyeyuka, nyuzi zake mbili zimegusana. Nikapeleka kila kitu kwa fundi wa redio ninayemwamini, naye kabla hata ya kushika bisibisi akakwangua stika kwa ukucha. Stika nzuri, ya rangi ya fedha, imeandikwa 0–400°C, 30A. Chini yake, kwenye plastiki yenyewe, pamechapwa: −50 hadi 110.

Akanieleza, na nimeelewa vizuri kiasi cha kuwaeleza nanyi. Sensa ya aina ile ni themista. Upinzani wake, yaani jinsi inavyozuia umeme, kwenye nyuzi 25 ni omu 10,000, na kadiri joto linavyopanda upinzani unashuka. Sasa waya ukiyeyuka na nyuzi zikagusana, upinzani unakuwa sifuri, na kwa kifaa hicho sifuri maana yake ni moto mkali kupita kiasi. Kwa hiyo kikaamini jiko linawaka kama jehanamu usiku kucha, kikaiacha bloa ipulize. Kilikuwa kinafanya kazi kama kilivyoumbwa, sema kimedanganywa. Kingekuwa kwenye friji au kwenye mashine ya kutotolesha, kingedumu miaka. Sina ugomvi na aliyekitengeneza. Ugomvi wangu ni na aliyekata stika.

Halafu ile 30A. Fundi akanionyesha relei, kile kiboksi cha bluu ndani, ndiyo swichi inayowasha na kuzima bloa. Pamechapwa "10A 30VDC". Ampea ni 10. Hiyo 30 ni volti! Jamaa kasoma namba kubwa akaiandika kwenye stika yake. Tulipopima bloa yangu ikikimbia kasi ya mwisho, ilivuta ampea 13, na vile vidude vya ndani ya relei vinavyogusana kuunganisha umeme vilikwishaanza kuwa vyeusi. Maana yake hata sensa ingepona, siku moja relei ingeganda ikiwa imewasha, na matokeo yangekuwa yale yale.

Sehemu ya pili ya utapeli ndiyo inayoniuma, maana hapo nilishajua. Nilimpigia. Hakukataa. Akasema, "Kaka, wewe ulitakiwa uchukue na proubu ya kiwandani, ni elfu arobaini tu, ulisahau." Nikatuma. Kweli ikaja proubu, yaani sensa, ya chuma, nzuri, imefumwa waya wa chuma kwa nje. Ni themokapo ya aina ya K, na aina hiyo kwa haki inaweza kupima zaidi ya nyuzi 1,000. Lakini haiingiliani kabisa na kile kifaa! Themokapo haibadilishi upinzani kama themista. Inazalisha umeme kidogo sana, kama milivolti 4 kwenye nyuzi 100, na inahitaji kontrola iliyotengenezwa kwa ajili yake. Ukiichomeka kwenye kifaa cha themista, kinaona upinzani wa omu chache tu, kinadhani moto umepita kiasi, bloa inawaka moja kwa moja. Nilipomweleza hivyo, akaniambia fundi wangu ndiye mbovu. Kisha picha yake ikapotea. Nimezuiwa.

Basi ukienda kununua kitu cha namna hii, kwao au kwa mwingine yeyote, nenda na mita ya kupimia omu. Pima nyaya mbili za sensa. Ukikuta omu elfu nane, tisa, kumi, na ukiibana kiganjani namba inashuka, hiyo ni themista: irudishe kwenye friji. Ukikuta omu chache tu, yaelekea ni themokapo, na kontrola yake lazima iseme waziwazi kuwa inapokea aina ya K. Kwangua stika mbele ya muuzaji. Mwenye bidhaa halali atacheka, tapeli atakunyang'anya. Usiridhike akikijaribu kwa maji yanayochemka, maana hapa Dar tupo usawa wa bahari na yanachemka kwenye 100, na kifaa chenye mwisho wa 110 kitayasoma bila shida. Na soma maandishi ya kwenye relei, siyo ya kwenye boksi.

Mimi sasa sitaki tena kitu chenye skrini kwenye jiko. Nimefunga swichi ya kisahani cha metali mbili, ndugu yake na ile inayozima birika la umeme maji yakichemka. Kisahani kikipata joto kinajikunja, "tik", kinaunganisha, kikipoa kinarudi. Haina programu, haina sensa ya kuyeyuka. Angalia tu unapewa ile inayounganisha joto likipanda, kwa sababu zipo nyingi zinazokata, na kwa macho zinafanana kama mapacha. Nimeifunga kwenye koti upande wa juu, mbali na mlango wa kuni, na inawasha relei ya gari ya ampea 40, ndiyo inayobeba mzigo wa bloa. Fyuzi nimeweka pale pale kwenye betri. Gharama yote haikufika nusu ya nilichomtumia yule jamaa.

RB nimechukua kituo cha polisi, nina ujumbe wote na miamala yote miwili. Tume ya Ushindani, FCC, nao nimewapelekea malalamiko pamoja na ile stika. Kama na wewe ulituma hela kwao, usifute mazungumzo, nenda kafungue yako.

Dalili za kuwatambua: video inapigwa juu ya meza yenye kitambaa cha maua mekundu, na kwenye kona ya kushoto kitambaa kina alama ya kuungua yenye umbo la pasi. Jana nimekiona kitambaa kile kile kwenye ukurasa mwingine mpya. Safari hii wanauza mashine za kutotolesha mayai 500.